Wakuu wa poka Kampala: mkwara wangu unalipiwa kila Ijumaa, nakosea wapi?

Wa_Busia

Habari za usiku wakuu. Naomba msaada, na naomba mnicheke kidogo tu.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo forodhani, kwetu Busia, kazi iko Kampala. Kila Ijumaa tunacheza poka nyumbani kwa jamaa mmoja hapa Kansanga, watu saba au wanane. Ni Texas Hold'em, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Blaindi, yaani pesa ambazo watu wawili hulazimika kutia kabla ya karata, ni 1,000 na 2,000, mtu anaingia na laki moja. Siyo pesa ya kununua kiwanja, lakini ikipotea unaisikia hadi Jumatatu. Lugha ya meza ni Kiswahili, maana tuna Mkongo anayeuza vitenge Kikuubo, Mkenya mmoja, afande mstaafu, na mhasibu ambaye Kiswahili chake huamka baada ya bia ya pili.

Nikiwa na karata nzuri sina shida. Shida ni mkwara, yaani kutia pesa kubwa bila karata ili wenzangu watupe zao. Kila nikiupiga, kuna mtu analipa, anatia kiasi kilekile anione. Ijumaa iliyopita imeniuma, nawaeleza.

Nilikuwa na ree ya kopa na K ya uru. Nikapandisha hadi 8,000. Wakafuata watu wanne, blaindi zote mbili zikiwemo, kwa hiyo mezani 40,000. Flopu, karata tatu za kwanza za mezani, ikaja 9 ya shupaza, 8 ya shupaza, 4 ya kopa. Sina kitu. Nikatia 20,000, wakalipa wawili. Karata ya nne, 3 ya pau. Bado sina kitu. Nikatia 50,000, Mkongo akatupa, akabaki afande. Riva, karata ya tano na ya mwisho, ikatoka 2 ya uru. Kitita, pesa zote za mezani, kimefika laki mbili, nimebakiwa na 90,000. Nikazisukuma zote, uso mkavu kama mtu wa forodha.

Afande akashika glasi yake ya waragi, akanitazama, akatazama chipu zangu, akasema "haya, tuone." Akafungua 8 na 7. Jozi ya nane tu! Nikamuuliza, afande, unalipaje elfu tisini kwa jozi ya nane? Akajibu, "Nilitaka kuona."

Nikarudi nyumbani kwa boda nikiwa nimenyamaza njia nzima. Nisaidieni, ni uso wangu au ni nini?

Rolex_mbili

Pole mkuu. Ila "uso mkavu kama mtu wa forodha" umeniua 😂

MzeeShupaza

Mwanangu, nakusalimu kutoka Jinja. Mimi mtu wa Mombasa nimezeekea huku, karata nimezishika tangu enzi za kucheza wahedi wa sitini barazani. Nimefurahi kuona kijana wa leo bado anasema shupaza na kopa.

Uso wako hauna kosa. Ungevaa hata gunia kichwani, afande angelipa. Mtu aliyekaa kambini miaka yake yote utamtishia chipu? Mkwara unamfaa mtu anayejua kuweka karata chini kwa uchungu. Mtu ambaye hajawahi kuweka jozi chini tangu azaliwe, huyo humpigii mkwara. Huyo mngoje upate karata, kisha umtoze kodi.

Hebu keti Ijumaa moja usicheze sana, uangalie tu. Nani analipa hadi mwisho na jozi ndogo? Nani anashika karata zake mbili, anazikunjakunja, anapumua, halafu anazitupa? Waandike kichwani. Wa kwanza ni mteja wako wa karata nzuri. Wa pili ndiye wa mkwara.

Wa_Busia

Shikamoo mzee. Nikifikiri, anayetupa kwa uchungu ni mhasibu. Huwa anazitupa na kusema alikuwa na nini, kisha anasononeka hadi mchezo unaofuata.

MzeeShupaza

Marahaba. Basi huyo mhasibu mwombee uzima.

Hesabu_Kali

Niongeze upande wa hesabu, maana mzee kagusa watu.

Kosa la kwanza: kwenye flopu ulikuwa na watu wanne mbele yako. Tuseme kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kutupa. Mmoja atatupa mara 1 kati ya 2. Wawili wote kutupa ni 1 kati ya 4. Watatu 1 kati ya 8. Wanne 1 kati ya 16. Na hapo nimewapa nusu, wakati kwenye meza ya bei rahisi hawafiki. Mkwara wa watu wanne ni sadaka. Ulitakiwa kugonga meza, yaani kupita bila kutia pesa, karata ipite bure.

Jambo la pili, bei. Ukitia nusu ya kitita, mkwara ukifanya kazi mara moja katika tatu umerudisha pesa yako. Ukitia theluthi mbili, unahitaji mara nne katika kumi. Ukitia sawa na kitita kizima, nusu kwa nusu. Wewe ulitia 90,000 kwa laki mbili, yaani ulihitaji afande atupe kama mara 31 katika 100. Jiulize, katika 100 afande hutupa mara ngapi?

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, na watu wengi hawalioni. Pale riva, nani angetupa? Mtu aliyekuwa anangoja flashi ya shupaza, karata tano za aina moja, akaikosa. Huyo ana nini? Hana kitu. Na wewe una ree na K, ulikuwa tayari unamshinda! Nani asingetupa? Mwenye 9 au 8, ambaye anakushinda. Kwa hiyo umetia elfu tisini kumfukuza mtu unayemshinda na kumkaribisha anayekushinda. Ree na K pale ni ya kugonga meza, ufungue, uone. Karata ya kupigia mkwara riva ni ile ambayo ikifunguliwa haiwezi kushinda chochote, mfano J na 10 iliyokuwa inangoja mfuatano, karata tano zinazofuatana, ikakosa.

Wa_Busia

Banange. Hilo la tatu sijawahi kulifikiria hata siku moja. Nimelisoma mara mbili.

Nairobi_hadi_Ntinda

Wadau mimi ni Mkenya niko hapa Kampala. Niliambiwa kazini "leo tunacheza matatu" nikadhani tunapanda gari 😂 Kumbe matatu huku ni mchezo wa karata na gari mnaita takisi. Hiyo matatu yenu ina mkwara?

Rolex_mbili

Ina kelele, mkwara sijui. Rudi kwenye uzi ndugu yangu.

Mja_wa_Arua

Samahani kuingilia. Mnazungumza vizuri lakini kamari imevunja nyumba ngapi hapa nchini? Na vijana wanasoma humu. Sheria ya Uganda ya 2016 inataka mtu awe amefikisha miaka 25 ndipo acheze michezo ya kubahatisha, watu wanafanya kama haipo.

Wa_Busia

Ndugu Mja, sikatai. Mimi nina 34 na mezani petu hakuna mtoto. Naenda na laki moja ya noti, zikiisha nimekuwa mtazamaji. Simu ninamwachia mama watoto, maana nilishawahi kutumia mobile money saa saba usiku ili nirudi mezani, asubuhi nikaambiwa karo ya muhula wa pili haijatimia. Siku ile nilijiona. Tangu hapo simu inalala nyumbani.

Mja_wa_Arua

Angalau una utaratibu. Mungu akulinde.

Dada_Kabalagala

Nacheza kwenye meza kama hiyo yenu, mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Niseme yangu.

Wanaume wanaamini mwanamke hapigi mkwara. Wakiona nimetia pesa kubwa wanaangaliana, "dada anazo." Sijawahi kuwasahihisha. Lakini siipigi kila saa. Usiku mzima naweza kupiga miwili, labda mitatu. Zamani nilikuwa napiga kumi, kila karata mbaya naiona ni nafasi, wakanizoea ndani ya mwezi. Kuna mmoja alinilipa kwa jozi ya tatu kisha akaninunia MIMI, eti namfanya acheze vibaya. Haya.

Kilichonisaidia ni vitu viwili vidogo.

Kwanza, mwendo mmoja. Zamu yangu ikifika natazama kibandiko cha chupa ya soda, nahesabu moja hadi nne, ndipo natia. Nina ree mbili, nahesabu nne. Sina kitu, nahesabu nne. Chipu nazisukuma kwa mkono uleule, sizitupi. Wenzangu wengi wakiwa na karata wanatia polepole kama wanaomboleza, wakiwa hawana wanazibamiza mezani. Na mikono ikitetemeka msikimbilie kusema huyo anadanganya! Wapya hudhani hivyo. Mara nyingi mwenye mkono unaotetemeka amepata karata kubwa, damu inachemka. Nililipa mara tatu kabla sijaelewa.

Pili, kiti. Mchezo unazunguka kwenda kushoto. Mtu anayekusumbua akikaa kulia kwako, anaamua kabla yako, unamwona. Akikaa kushoto kwako, yeye ndiye anakuona kila mara. Mimi hufika mapema nichague kiti, wanadhani napenda kuwa karibu na dirisha.

Kikuubo_Moja

Ndugu wa Busia, jambo sana. Mimi nadhani mkwara ni hadithi. Ukimwambia mtu hadithi, mwanzo na mwisho vipatane. Kuna watu wanagonga meza, wanagonga meza, riva inatoka, ghafla wanatia laki. Laki ya nini? Ulikuwa na nini muda wote? Hata mtoto atauliza. Ukitaka kusema una flashi, uwe ulilipa kwenye flopu kama mtu anayeingoja, na ilipotimia ukatia pesa palepale.

Halafu nyamaza. Mtu akikuuliza "una nini kijana?", wengi huanza kuhubiri. Ukianza kujibu umeshajibu.

Hesabu_Kali

Kikuubo umenikumbusha mkwara maarufu kuliko yote, wa fainali ya mashindano ya dunia ya poka, Las Vegas, 2003. Washiriki walikuwa 839. Wakabaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia kwa kushinda mchezo mdogo wa intaneti wa dola 86, na Sam Farha, mzoefu wa pesa kubwa.

Moneymaker alishika K ya shupaza na 7 ya kopa. Farha, Q ya shupaza na 9 ya kopa. Flopu: 9 ya shupaza, 2 ya uru, 6 ya shupaza. Wote wakagonga meza. Karata ya nne, 8 ya shupaza. Sasa mezani kuna shupaza tatu. Farha akatia 300,000. Moneymaker akapandisha hadi 800,000.

Angalieni hapo ana nini. Hana hata jozi. Lakini shupaza yoyote inampa flashi yenye K, na 5 au 10 inampa mfuatano. Siyo mkwara mkavu huo, ni mkwara wenye mguu wa pili. Usipomfukuza mtu, bado unaweza kupata karata. Na K ya shupaza ikiwa mkononi mwake, ni ree peke yake inayoweza kumpa Farha flashi kubwa kuliko yake.

Farha akalipa. Riva 3 ya kopa, haikumsaidia chochote. Moneymaker akasukuma chipu zake zote akiwa na K tupu. Farha akasema hapohapo mezani kwamba jamaa lazima kakosa flashi yake. Alikuwa sahihi kabisa! Akawaza, akawaza, akatupa jozi ya tisa iliyokuwa inashinda. Moneymaker akaja kuchukua ubingwa na dola milioni 2.5.

Wengi husimulia ile riva, ujasiri, miwani, uso. Mimi naona kazi ilifanyika kwenye karata ya nne. Kama asingepandisha pale, riva isingekuwa na hadithi ya kumalizia.

MzeeShupaza

Na umalizie, mwanangu: Farha alikuwa mtu anayejua kuweka chini. Angekuwa afande wetu, bingwa angekuwa mwingine.

Hesabu_Kali

😂😂 Mzee umemaliza.

Kwa meza ya bei rahisi, Wa_Busia, ningeanza na hiyo ya mguu wa pili tu. Flashi inayongojwa kwenye flopu ina karata tisa za kuikamilisha, hadi riva inapatikana kama mara 35 katika 100. Mfuatano ulio wazi pande zote mbili una nane, kama 31 na ushee. Ikibaki karata moja tu, ya flashi inashuka hadi kama 20. Kwa hiyo tia pesa mapema, kungali na karata mbili zinakuja, mbele ya mtu mmoja, siyo kijiji.

Nairobi_hadi_Ntinda

Swali la kijinga: ukishinda kwa mkwara, uonyeshe?

Dada_Kabalagala

Usionyeshe. Unawafundisha bure.

Kikuubo_Moja

Mimi naonyesha mmoja usiku unapoanza, mdogo, wa elfu tano sita. Wanacheka, wananiita muongo. Halafu nikipata karata wananilipa hadi alfajiri. Kwetu sokoni unaonja kwanza.

MzeeShupaza

Hiyo ni ya mtu anayetaka kulipwa. Kijana hapa anataka aaminike. Biashara mbili tofauti.

Wa_Busia

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita, nilikuwa kimya makusudi.

Ijumaa ya kwanza sikupiga mkwara hata mmoja. Nilikaa nikitazama kama mzee alivyosema. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa sioni. Afande hutazama karata zake mara moja tu, na akitazama tena mara ya pili ana kitu kidogo anachosita nacho. Mkenya wetu akipata jozi anaanza kupanga chipu kwa rangi. Nilitoka na 140,000, zote kutoka kwa watu waliolipa karata nzuri. Afande peke yake alinipa 30,000 na akasema tena "nilitaka kuona." Safari hii nilimwonyesha kwa furaha.

Ya pili nilipoteza, nusu ya laki. Sina la kusema, karata zilikataa.

Sasa ya tatu, juzi. Mhasibu akapandisha hadi 8,000. Mimi nyuma ya wote, nina 7 na 6 za shupaza. Nikafuata, wengine wakatupa. Mezani 19,000 na tuko wawili tu. Flopu: K ya kopa, 5 ya kopa, 4 ya pau. Nangoja 3 au 8. Akatia 10,000, nikalipa. Karata ya nne, 10 ya kopa. Kopa ya tatu! Sina hata moja mkononi, lakini nikamwona mhasibu anaitazama ile karata kama mtu aliyeona bili ya hospitali. Akagonga meza.

Nikatazama kibandiko cha chupa. Moja, mbili, tatu, nne. (Asante dada.) Nikatia 25,000.

Akalipa. Moyo ukashuka hadi kwenye kandambili. Mezani 89,000. Riva, J ya pau. Akagonga meza tena.

Nikakumbuka hesabu: 7 yangu ikifunguliwa haimshindi mtu yeyote duniani. Hadithi imepatana tangu flopu, nililipa kama mtu anayengoja kopa, kopa ikaja, nikatia. Na mbele yangu yuko mmoja, anayejua kusononeka. Moja, mbili, tatu, nne. Nikasukuma 60,000.

Wakuu, mguu wangu chini ya meza ulikuwa unapiga ngoma. Nilikuwa nimeegemeza sahani ya rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pajani, nikaiona chapati inatikisika. Nikaitoa polepole nikaiweka chini, kama mtu anayejiandaa kuhesabu pesa. Mhasibu akaniuliza, "Busia, una kopa?" Nikanyamaza. Akauliza tena kwa Kiganda. Nikatazama chupa. Nadhani nimesoma viungo vyote vya ile soda.

Akafungua K na Q mbele ya watu wote, akasema "mimi najua kuachia," akatupa.

Kidole changu kilikuwa tayari kimeinua pembe ya karata nionyeshe. Wallahi kilikuwa kimeinua. Nikakirudisha, nikazisukuma kwa mgawaji zikiwa zimelala kifudifudi.

Hesabu_Kali

60,000 kwa 89,000, ulihitaji mara 40 katika 100. Kwa yule mtu unazo. Safi sana.

Dada_Kabalagala

Viungo vya soda 😂😂 Umefuzu.

MzeeShupaza

Na afande alisema nini?

Wa_Busia

Mzee, yeye ndiye aliyenitia hofu. Mhasibu alipoenda msalani, afande akainama sikioni: "Kijana, ule ulikuwa mkwara." Nikamwambia afande, kula rolex, inapoa. Akacheka, akasema angekuwa yeye angelipa. Nikamwambia najua.

Nairobi_hadi_Ntinda

Wiki imepita mkuu. Na mhasibu, jana Ijumaa alirudi?

Wa_Busia

Alirudi. Alifika kabla ya watu wote, akakaa kushoto kwangu.